Mbweha wakihamia uani kwako, usikimbilie sumu

Na MWANDISHI WETU

NI saa tisa za usiku na mtaa mzima umelala. Mara unasikia sauti kali inayofanana na kilio cha mtoto, kisha nyingine inaijibu kutoka upande wa pili wa ua. Kuku wanaanza kupiga kelele bandani. Unachukua tochi, unafungua mlango kwa woga, na pale kwenye lundo la mawe yaliyobaki ulipojenga nyumba unaona macho mawili yakimeta.

Unadhani ni mbwa wa jirani. Lakini mbwa wa jirani hana masikio yaliyochongoka namna ile, wala hana mgongo mweusi wenye mvi kama blanketi aliyotandikwa punda. Huyo, msomaji, ni mbweha. Asubuhi ukihesabu kuku wako utapata mmoja amepungua, na manyoya yametapakaa hadi kwenye seng'enge.

Ikiwa unaishi Buruburu au Eastleigh, huenda ukaiona habari hii kuwa ya watu wa mashambani. Lakini kwa jamaa nyingi zilizonunua ploti Kitengela, Isinya, Ongata Rongai, Kiserian na Athi River, hilo si jambo geni. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita 117 za mraba, imezungushiwa ua pande tatu tu. Upande wa kusini, kule mto Mbagathi unakopita, iko wazi ili wanyama watoke kwenda nyika za Athi na Kaputiei na kurudi. Nyika hizo ndizo tunazozigawanya kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Kwa hivyo, kabla hujamwita mbweha mvamizi, jiulize nani alitangulia kufika.

Mambo haya yalinifika mimi mwenyewe. Katika muda wa wiki tatu nilipoteza kuku saba, na mbwa wangu akafa kwa kosa ambalo lingeweza kuepukika. Ndiyo sababu nakuandikia haya.

Mgeni wako ni nani hasa?

Jina mbweha, au bweha kama wengine wanavyomwita, hutumiwa kwa wanyama kadhaa. Wawili kati yao ndio unaoweza kuwakuta karibu na nyumba katika sehemu hizi, nao hawafanani hata kidogo kwa tabia.

Wa kwanza ni yule mwenye mgongo mweusi. Ana uzito wa kilo saba hadi kumi hivi, miguu mirefu, pua nyembamba na mkia wenye ncha nyeusi. Huyu hula karibu kila kitu: panya, mijusi, panzi, matunda yaliyoanguka, mizoga, watoto wa swala na, akipata nafasi, kuku na vitoto vya mbuzi.

Wa pili ni bweha masikio. Ni mdogo zaidi, kilo tatu hadi tano, na ukimwona mara moja hutamsahau kwa sababu masikio yake ni makubwa mno kwa kichwa chake. Masikio hayo ni ya kusikiliza mchwa na wadudu wakitembea chini ya udongo. Ana meno kati ya 46 na 50, ilhali mbwa wa nyumbani ana 42, lakini ni meno madogo ya kusaga wadudu. Chakula chake kikubwa ni mchwa. Ukimwua huyu kwa kosa la kuku aliyepotea, utakuwa umemfunga asiyekuwa na hatia na kumwachilia mwizi. Utakuwa pia umewaokoa mchwa wanaotafuna nyasi na miti yako.

Tena usidhani kwamba kila kuku anayepotea amechukuliwa na mbweha. Nguchiro hupenya kwenye tundu dogo na kuiba mayai. Kanu hupanda juu ya paa. Mbwa wanaorandaranda mtaani, ambao wengi wetu hatuwashuku, huweza kuua kuku kumi usiku mmoja na kuwaacha hapo hapo bila kuwala. Mbweha aghalabu hubeba kuku mmoja na kwenda naye. Kwa hivyo, ukiamka ukute kuku wengi wamekufa bandani, anza kwa kuwauliza jirani zako mbwa wao walilala wapi.

Kwa nini achague kwako?

Mbweha haji kukutembelea kwa sababu anakupenda. Huja kwa mambo mawili, yaani chakula na mahali pa kujificha.

Mimi nilikuwa nimemwekea yote mawili pasipo kujua. Nyuma ya jikoni tulikuwa na shimo la takataka lisilo na kifuniko, na kila tulipochinja kuku, matumbo na miguu vilitupwa humo. Kuku wetu walilala katika kibanda cha mbao kilichokuwa na mlango wa gunia. Chakula cha mbwa kilibaki nje usiku kucha. Na mwisho wa ploti kulikuwa na kichuguu cha zamani kilichochimbwa na mhanga, juu yake yakarundikwa mawe na mabati makuukuu. Mbweha hana haja ya kuchimba akikuta nyumba iliyokwisha kujengwa.

Wenzetu wa Ulaya wamepambana na jambo hili kwa muda mrefu. Huko London, mbweha wekundu walianza kuzoea maisha ya mjini tangu miaka ya 1930, na leo huzaa chini ya vibanda vya bustani na kula mabaki ya jikoni. Mnyama huyu akionja takataka za binadamu haoni sababu ya kurudi porini kuwinda.

Jamaa moja, shimo moja

Ili ujue namna ya kumwondoa, yafaa kwanza ujue anavyoishi. Mbweha mwenye mgongo mweusi huishi na mwenzake mmoja kwa miaka mingi, aghalabu hadi mmoja wao afe. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili na kuzaa watoto watatu hadi sita. Kwa wiki tatu za kwanza watoto hawatoki shimoni. Baadaye hutoka kucheza mlangoni, na wafikapo umri wa miezi mitatu hivi, jamaa yote huliacha shimo.

Mtafiti Patricia Moehlman, aliyewachunguza wanyama hawa huko Serengeti, Tanzania, katika miaka ya 1970, aligundua jambo la ajabu. Baadhi ya watoto wa mwaka uliotangulia hawaondoki nyumbani. Hubaki na wazazi wao kulinda shimo na kuwalisha wadogo zao. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba jamaa iliyo na wasaidizi hao hufaulu kulea watoto wengi zaidi. Kwa bweha masikio, baba ndiye hukaa na watoto shimoni huku mama akitafuta chakula ili apate maziwa. Wapo akina baba wa mjini wanaoweza kujifunza kitu hapo!

Hapa pana mafunzo mawili kwako wewe mwenye ploti. La kwanza ni kwamba ukiwakuta na watoto, tatizo lako lina mwisho. Ni suala la wiki kadhaa, si la miaka. La pili ni kwamba ukimwua mmoja, sehemu yake haitakaa wazi. Kila jamaa ina eneo lake na hulilinda, kwa hivyo mwenye eneo akiondoka jirani yake huingia. Maadamu takataka na kibanda kibovu vingalipo, utakuwa unaua mbweha kila mwaka na kuku wako watazidi kupungua.

Hatari yenyewe ni kichaa cha mbwa

Watu wengi huuliza kama mbweha anaweza kumla mtoto. Mbweha huogopa watu, na akikuona hukimbia. Hofu yako iwe juu ya jambo jingine, nalo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu uliandikwa rasmi humu nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa viungani mwa Nairobi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia. Karibu wote hao huambukizwa na mbwa wa nyumbani. Mbweha huingia hapa kwa njia ya mlango wa nyuma: anang'atana na mbwa wako penye shimo la takataka, mbwa anaambukizwa, kisha mbwa huyo anarudi kucheza na watoto wako.

Ugonjwa husafiri kwa njia zote mbili. Mwaka 1994, maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na yakawafikia fisi na bweha masikio pia. Wataalamu waliwashuku mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga. Kwa hivyo, ukimchanja mbwa wako unawalinda watoto wako na wanyama wa porini kwa pamoja.

Mjue mbweha mgonjwa. Kumwona akipita jioni au alfajiri si jambo la kutisha, kwa kuwa huo ndio wakati wake. Lakini ukimwona mchana kweupe akitembea kwa kuyumba, akitokwa na mate, asiyeogopa watu au anayeng'ata vijiti na mawe, waingize watoto na mbwa ndani, kisha upige ripoti mara moja.

Na kama mtu ameng'atwa au kukwaruzwa, iwe ni na mbweha au mbwa, usingoje kuona itakuwaje:

- Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri.

- Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa, na usikifunge kidonda kwa nguvu.

- Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akadungwe chanjo. Atapewa tarehe za kurudi, na ni lazima amalize sindano zote hata kama kidonda kimepona.

Chanjo hii si jambo jipya. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimdunga mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, mnamo Julai 6, 1885, baada ya kijana huyo kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Mvulana akapona. Lakini dalili zikishaanza kuonekana, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hakuna anayeponea. Dalili zenyewe huweza kuchukua wiki au miezi kutokea, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Sumu ilivyoua asiyekusudiwa

Nilipopoteza kuku wa saba, jirani mmoja alinishauri tuwawekee mbweha sumu ndani ya matumbo ya mbuzi. Nilisitasita. Wala sikusema ndiyo, wala sikusema la, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ni kukubali. Siku mbili baadaye mbwa wangu alirudi nyumbani akitetemeka na kutokwa na povu. Kabla ya daktari wa mifugo kufika, alikuwa amekufa. Kando ya barabara tulikuta kunguru wanne na mwewe mmoja wamekufa. Mbweha hatukumwona, na usiku huo walilia kama kawaida.

Siku hiyo hiyo binti yangu wa miaka mitano alikuwa amecheza karibu na mahali palipowekwa nyama ile. Hadi leo nikikumbuka hilo mwili hunisisimka.

Sumu haichagui. Kwa miaka mingi, dawa ya wadudu iitwayo karbofurani ilitumiwa vibaya humu nchini kuulia simba na fisi, hata kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa katika maduka ya Kenya mwaka 2009. Hata baada ya hapo sumu haikukoma. Desemba 2015, mzoga uliotiwa sumu uliwaua simba katika Maasai Mara, akiwemo jike mzee maarufu aliyeitwa Bibi, na tai waliokula mizoga wakafa pia. Tai hutaga yai moja tu kwa mwaka. Wakiisha, ni nani atakayekuondolea mizoga nyikani?

Fauka ya hayo, sheria haiko upande wako. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kuua, kunasa au hata kufuga mnyama wa porini bila kibali. Hiyo ina maana kwamba hata kile kitoto cha mbweha ambacho mwanao amekiokota na kukificha ndani ya katoni chini ya kitanda kinaweza kukutia matatani. Mrudishe karibu na shimo kwa kutumia glavu nene au gunia, kisha uondoke. Mama yake atamchukua. Kama ameng'ata mtu, soma tena sehemu iliyotangulia.

Fanya hivi badala yake

Yafuatayo ndiyo niliyoyafanya baadaye, kwa ushauri wa afisa wa wanyamapori na wa mzee mmoja Mmaasai ambaye amekaa na mbweha maisha yake yote.

1. Funika takataka. Shimo liwe na kifuniko kizito. Matumbo na mifupa uvichome au uvifukie kwa kina cha kutosha. Chakula cha mbwa kiondolewe kabla ya giza kuingia.

2. Jenga banda la kuku upya. Liinue juu ya miguu ya nusu mita hivi, sakafu iwe ya mbao zilizobanana, na madirisha yawe na waya wenye vitundu visivyozidi inchi moja. Mlango uwe na komeo, si kamba. Kuku waingie kabla ya saa kumi na mbili jioni na wasitoke mpaka jua lichomoze.

3. Ziba chini ya ua. Mbweha hapendi kuruka akiweza kupita chini. Ua wa kayaba ni mzuri, lakini kwenye mashina huwa na mianya. Chukua waya, ufukie futi moja ardhini na kipande cha chini ukikunje kielekee nje. Akichimba atakutana nacho na kuchoka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Tumia mwanga. Kijana Richard Turere, aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipobuni taa za kumwekamweka kwa kutumia betri kuukuu ya gari na vipuri vya pikipiki, ili kuwafukuza simba waliokuwa wakila ng'ombe wa baba yake. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza ulimwengu uvumbuzi huo. Taa kama hizo husaidia, lakini mbweha ni mwepesi wa kuzoea, kwa hivyo zihamishe kila baada ya siku chache.

5. Mchanje mbwa wako akiwa na miezi mitatu, na baadaye kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako kuhusu siku za chanjo.

6. Wakiwa na watoto shimoni, subiri. Usizibe shimo lenye watoto ndani. Watakufa na kuoza, na wazazi watakuwa wakali. Wape wiki chache, huku ukipita karibu na hapo mara kwa mara mchana, ukiongea na kufungulia redio. Mbweha hapendi kelele, na mara nyingi mama huwahamisha watoto wenyewe.

7. Hakikisha shimo ni tupu kabla ya kuliziba. Weka nyasi kavu mlangoni kwa wepesi. Zikikaa siku nne au tano bila kusogezwa, na hakuna nyayo mpya, jaza mawe na udongo siku hiyo hiyo.

Kama mnyama ni mgonjwa, ameumia, au hataki kuondoka, nenda kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kilicho karibu nawe, au umwambie chifu. Usijaribu kumshika.

Wafunze watoto

Wazazi, waketisheni watoto wenu na kuwaeleza mambo matatu: wasiguse mnyama wa porini hata kama ni mdogo na anapendeza, wasimlishe, na wakikwaruzwa waseme siku hiyo hiyo bila kuogopa kuchapwa. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kichaa cha mbwa hakimsubiri atubu.

Nanyi wanafunzi, mnaweza kufanya kazi nzuri ya likizo. Nyunyizeni mchanga laini kando ya ua jioni, na asubuhi mwende kuzisoma nyayo. Nyayo za mbweha zina alama za kucha kama za mbwa, ila ni nyembamba zaidi. Za paka na kanu hazionyeshi kucha, kwa kawaida. Mtajua ni nani anayewatembelea usiku.

Kwangu, ile jamaa ya kichuguuni iliondoka baada ya wiki sita. Tuliziba shimo, tukaondoa mabati na mawe, na tangu banda jipya lisimame hatujapoteza kuku hata mmoja. Mbwa mwingine tumempata, naye amechanjwa. Usiku bado tunawasikia mbweha wakiitana ng'ambo ya korongo, na binti yangu huniuliza wanasema nini. Humwambia wanaulizana kama shimo letu la takataka lingali wazi.

Je, lako limefunikwa?